Fomu Aliyonijazia Damiano

Zombo,
kwa Posta ya Kilosa,
14 Machi 1976.

Mpendwa kaka Theodory,

Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute wewe, shemeji Regina na watoto mkiwa wazima wote huko Mwanza, na kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kiwe kimekuacha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini shambani anakwenda, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayempalilia. Costancia yuko darasa la sita na anakusalimu sana. Mdogo wake ameota tena meno ya mbele yaliyong'oka, sasa anauma kila kitu. Mvua imeanza vizuri na mahindi yamefika magotini, ila nguruwe nao wamekwisha pata habari.

Nimesema wazima wa mwili. Roho yangu, kaka, imechafuka vibaya sana, na nakuandikia wewe kwa sababu hapa kijijini kila ninayemweleza habari hii anaanza kwa kucheka.

Unalikumbuka lile tangazo ulilolikata gazetini ukanitumia mwezi wa kumi na moja? La lile shirika la misaada lililofungua ofisi Kilosa baada ya ule mwaka wa njaa tuliokula unga wa njano. Walikuwa wanataka karani wa ghala, dereva, na wasimamizi wa vituo vya kupimia watoto, kila tarafa kituo chake. Uliizungushia Zombo kalamu nyekundu, ukaandika pembeni, "Hii ni kazi yako, usilale." Nikasoma, nikaruka kama mtoto aliyepewa gauni la Krismasi.

Ni kazi yangu kweli! Mwaka wa sita huu, kila Alhamisi, ninatundika ile mizani kwenye boriti ya baraza la kanisa, namweka mtoto ndani ya ile kaptura ya turubai, ananikojolea, naandika uzito wake kwenye kadi. Najua nani amepungua, nani anadanganya kuwa mtoto wake anakula, na nani nimfuate mpaka nyumbani kwake nikaone chungu chake kina nini. Nimefanya yote hayo bure. Kila mgeni akija naambiwa nisimame, watu wanapiga makofi, anasema mama huyu ana moyo wa kujitolea. Makofi nimeyapokea mengi, kaka. Hata kipande cha sabuni sijawahi kupewa.

Na wewe unajua ninavyoishi tangu marehemu baba yake Costancia atutoke. Kila kiangazi nafunga mzigo nakwenda Kimamba kuanika katani. Miezi mitatu, mara nyingine minne, nalala kambini, watoto wanabaki na Mama. Niliporudi mwaka jana, huyu mdogo alijificha nyuma ya Mama akamwuliza, "Bibi, huyu mgeni atalala hapa?" Sikulia mbele yake. Nilikwenda chooni nikalia huko. Sasa kazi ya mshahara, hapa hapa Zombo, kazi ambayo mikono yangu inaijua hata nikifumba macho! Uniambie kama hiyo si ya kuipigania.

Basi nikaandika maombi, wakanijibu, wakaniletea fomu moja ya kujazwa na mdhamini. Mdhamini sharti awe kiongozi wa kijiji mwenye muhuri. Kiongozi wetu mwenye muhuri sasa, tangu uchaguzi wa mwaka jana, ni Mwenyekiti Damiano. Ndiyo, Damiano yule yule. Mtani wetu.

Wasomee watoto wako hapa, maana wamezaliwa mbali. Waambie ukoo wa akina Damiano na ukoo wetu ni watani tangu enzi ambazo hata Mama hazijui. Wao wanatuzika, sisi tunawazika. Wakitukuta njiani wanatutukana, tukiwakuta tunawatukana zaidi, na kuku wetu ni wao, na kuku wao ni wetu. Waambie siku ya kumzika babu yao, Damiano aliingia kaburini akalala chali, akasema pahali ni pazuri pana baridi, hatoki mpaka apewe jogoo, na bibi yao, ambaye alikuwa hajala siku mbili, akacheka mpaka akaomba maji. Kumkasirikia mtani ni mwiko, na kumshtaki mtani ndiyo kabisa, hakuna aliyewahi kusikia. Wasipolijua hilo hawataelewa dada yako ananuna nini.

Nilimpata Damiano kwenye matanga ya mzee Lukasi, yuko kazini: amevaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anawadai wafiwa ugoro wake. Nikampa fomu. Akaisoma, akaitazama sana, akaenda kukaa pembeni kwenye kinu kilichopinduliwa, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri wa misheni, akagonga muhuri, akaitia katika bahasha na kuifunga kwa mate. Akanikabidhi akisema niibebe kwa uangalifu, imejaa dhambi zangu, nisije nikavunjika shingo. Na mimi mjinga nikacheka! Nikamwambia asante, pua kama jembe. Nikaibeba mwenyewe, kwa miguu mpaka kijiji cha Ulaya, nikapanda lori la mbao mpaka Kilosa, bahasha nimeifunga kifuani ndani ya kanga isilowe.

Wiki tatu baadaye wakaniita kwenye usaili. Nikaazima viatu vya Agnesi, yule wa dukani, vikanibana lakini vinang'aa. Ofisini nikamkuta mkuu wao, mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, mpole wa sura, na pembeni yake karani aitwaye Paulo wa kumfasiria. Yule mama akaniuliza mambo ya mizani, nikajibu. Akaniuliza mtoto anayeharisha, nikajibu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Kaka, nakuambia nilikuwa nimekwisha ajiriwa. Kisha akachukua ile fomu ya Damiano, akamwambia Paulo anisomee mwenyewe, nijieleze.

Paulo akasoma. Swali: Unamfahamu mwombaji tangu lini? Jibu: Tangu hajajua kujifuta kamasi, na mpaka leo hajajua vizuri. Swali: Je, ni mwaminifu? Jibu: Maziwa ya unga ya watoto anayalamba mpaka anaota sharubu nyeupe. Swali: Je, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa? Jibu: Hata akisimamiwa na simba wa Mikumi atasinzia, na simba naye atakimbia akimsikia anavyokoroma. Swali: Unapendekeza aajiriwe? Jibu: Mchukueni leo leo, sisi hapa kijijini tumemchoka, na mkimrudisha tunahama sote.

Na chini yake muhuri wa kijiji, umegongwa sawasawa kabisa.

Sasa nitakuambia kosa langu, maana na mimi ninalo. Nilicheka. Kaka, nilicheka mpaka kiti kikalia. Nilisikia sauti ya Damiano hasa, nikaona pua yake. Na wewe unajua mtani akikutupia la kwake huwezi kunyamaza, ukinyamaza umeshindwa. Basi kinywa kikaniponyoka chenyewe, nikasema, "Loo! Asemaye ni nani? Yule mwizi wa kuku, ukoo mzima wanalala na manyoya mdomoni!" Nikapiga na meza.

Paulo akafasiri. Akafasiri kila neno, kwamba mwombaji amecheka, kwamba hakukana habari ya maziwa, na kwamba amesema mwenyekiti wa kijiji ni mwizi wa kuku na ndugu zake wote. Nikamwona yule mama anaweka kalamu chini polepole. Hapo ndipo nilipoiondoa mikono yangu mezani.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kaka, nisikilize. Yule mama simlaumu sana. Ametoka kwao, hajui, na mtu asiyejua huelezwa. Lakini Paulo! Paulo kwao Songea! Paulo ana watani kila stesheni ya gari moshi. Nilimwona kwa macho yangu akisoma yale ya simba huku anauma mdomo asicheke. Alijua! Toka alipofungua ile bahasha alijua, na neno moja tu lingetosha, kwamba mama, huu ni utani wa huku, huyu mzee anampenda huyu mwanamke. Nilipomsihi pale pale aeleze, alininong'oneza, "Dada, mimi nimeajiriwa kufasiri, sikuajiriwa kueleza." Hebu lirudie hilo neno, kaka, ulisikie. Mtu anakaa kwenye kiti cha shirika la huruma, anakula mshahara wa huruma, halafu huruma yenyewe anasema haimo katika kazi zake!

Nikaeleza mwenyewe basi, kwa kunyoosha mikono, kwa kuigiza, kwa kumhadithia yule mama mpaka habari ya kaburi na jogoo. Akanisikiliza, sisemi uongo. Akafikiri. Akasema anaamini kwamba sikula maziwa. Lakini fomu imekwisha ingia katika faili, na faili haliwezi kuwa na tuhuma ya wizi bila majibu. Kwa hiyo akampigisha Paulo mashine ya taipu, ikatoka karatasi imeandikwa kwamba mimi, Perpetua, natamka kuwa Mwenyekiti Damiano ametoa ushahidi wa uongo chini ya muhuri wa kijiji, na nakala ya karatasi hii itapelekwa wilayani. Nitie sahihi, na kazi ni yangu kuanzia mwezi wa pili tarehe kumi na sita. Akanipa na kalamu yake.

Niliishika ile kalamu, kaka. Sitakudanganya kwamba sikuishika. Niliiona kambi ya Kimamba, nikamwona mtoto nyuma ya kanga ya Mama. Nikasema moyoni, ni sahihi tu, Damiano atanisamehe. Kisha nikafikiri ile nakala inafika wilayani, wanamwita Damiano, wanamvua uenyekiti mbele ya watu aliowajengea shule, wanamwambia ni mwongo, na aliyesema ni nani? Mtani wake. Tangu dunia iwekwe katika ukoo wetu hakuna aliyempeleka mtani serikalini. Niwe wa kwanza mimi, kwa sababu ya kazi ya kupima watoto? Nikisha kutia sahihi ile, watoto wa nani wataletwa kwangu nipime?

Nikamwambia yule mama asante, siwezi. Nikamwomba badala yake anipe fomu nyingine, Damiano ajaze upya. Paulo akasema taratibu haziruhusu fomu mbili kwa mwombaji mmoja. Nikamwomba aje mwenyewe Zombo Alhamisi moja, asimame barazani, awaulize akina mama mia moja na ishirini kama nimewahi kulamba chochote. Akasema ana safari ya Dodoma. Nikatoka na viatu vya Agnesi mkononi.

Kazi wamempa binti mmoja wa mjini, Filomena, amemaliza kidato cha nne juzi juzi. Mdhamini wake ameandika kwamba ni mwaminifu, mchapakazi na mcha Mungu, maneno ambayo mtu yeyote anaweza kumwandikia yeyote, hata mtu asiyemjua. Binti mwenyewe hana kosa, ana adabu, alinisalimia kwa magoti. Lakini Alhamisi ya kwanza aliitundika mizani kichwa chini! Na juzi imekuja barua ya shirika, yenye nembo ya mikono miwili inashikana, inaniomba nimfundishe kazi kwa miezi mitatu. Kwa moyo wangu ule ule wa kujitolea, wameandika. Wameandika hivyo hivyo, kaka, na mtu akatia sahihi. Naifundisha kazi niliyonyimwa, bure, kwa mtu anayelipwa! Nilitaka kuichoma ile barua, Mama akanizuia, akaichukua akawashia moto wa kupikia, akasema angalau ituivishie mboga.

Alhamisi nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu ya mtoto wa Magreti wa bondeni, aliyepungua mara mbili mfululizo, na huyo binti hajui bado kupungua kunafananaje. Usinisifu kwa hilo. Nilikwenda nimenuna na nilirudi nimenuna.

Sasa Damiano. Aliposikia, hakuamini. Maana yeye, kaka, aliandika vile kwa akili timamu kabisa, na ukimsikiliza unaona ana haki. Ameniambia: ningekusifu, wangesema mwenyekiti amepikiwa kuku. Mtu mwizi kweli hakuna anayemtania wizi, anaogopwa. Ukiona mtu anataniwa maziwa hadharani na mtani wake, chini ya muhuri, ujue huyo hajawahi hata kuyanusa. Alidhani kila mtu aliyezaliwa nchi hii atasoma vile, na karani aliyezaliwa nchi hii si alikuwepo? Akapanda baiskeli mpaka Kilosa, katika matope haya, akitaka kutia sahihi yeye mwenyewe kwamba ni mwongo, wampeleke wilayani wakipenda. Wakamwambia nafasi imekwisha jazwa, na wakamsifu kwa kuja.

Kesho yake asubuhi akaja nyumbani. Nilimwona anapita uani katikati ya kuku wangu, hakumgusa hata mmoja. Alikuwa amevaa shati la mkutano. Akavua kofia, akasema, "Habari za asubuhi, Bi Perpetua. Nimekuja kukuomba radhi."

Bi Perpetua! Miaka thelathini na nne mtu huyu hajawahi kuniita kwa jina langu zima. Nikadhani anacheza, nikamjibu, "Umekuja kuiba nini, pua kama jembe, ukikosa kuku utachukua na kinyesi chake?" Alitazama chini akasema, "Sina neno, dada yangu. Mdomo huu umekwisha kukutia hasara." Akarudisha kofia kichwani, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hatanii mtu. Wiki iliyopita tulimzika mama yake Danieli, wa ukoo wetu, na Damiano alisimama pembeni na kofia mkononi kama mgeni kutoka bomani. Kaburi likachimbwa kimya. Hakuna aliyelala ndani, hakuna aliyedai jogoo, na Danieli, maskini, alikuwa anageukageuka kumtafuta kwa macho, mpaka mwisho hakupata hata mtu wa kumchekesha aweze kulia vizuri. Watoto wakauliza kwa nini msiba huu umekaa hivi. Nikaona nitapasuka.

Haya ndiyo waliyotufanyia, kaka, na faili lao, na taratibu zao, na Paulo wao wa kufasiri. Kazi ninyimwe, sawa, katani ya Kimamba bado iko na mgongo ninao. Lakini walikuja kutusaidia sisi tuliopungukiwa, wakaondoka na kitu ambacho tulikuwa nacho tele. Na hata kumkasirikia Damiano siruhusiwi, ndiyo maana hasira yote hii imekuangukia wewe, unisamehe.

Nina ombi moja, na usilicheleweshe. Usimwandikie mkuu wa shirika, najua ulishaanza kutafuta kalamu. Mwandikie Damiano. Wewe ni mtani wake kama mimi, na ni mkubwa, hawezi kukupuuza. Umtukane, kaka. Mtukane kurasa mbili. Usimhurumie, usimpe pole, pole amepewa na kijiji kizima na ndiyo inayomwua. Anza na ile pua, kisha nenda kwenye miguu, kisha uwataje marehemu wao mmoja mmoja na kuku wetu waliokula. Mwambie hata kusema uongo kwenye fomu kumemshinda. Mwambie unataka jibu, na jibu likiwa na neno "radhi" ndani yake utalirudisha bila stempu alipie yeye. Nitampelekea kwa mkono wangu na nitakaa pale pale mpaka amalize kuisoma, nimtazame mdomo.

Msalimu sana shemeji Regina, mwambie vitenge alivyotuma vimefika na Mama amekataa kuvivaa mpaka Pasaka. Wasalimu watoto wote, na mzee Donati jirani yenu aliyetubebea mzigo. Mama anakuombea, anasema Mungu akulinde barabarani na akupe usingizi mzuri. Na mimi nasema amina.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira nyingi na anayekupenda zaidi ya hizo hasira,

Perpetua.